Usiniulize Nani Kasoma Nini

Kambini, 14 Januari

Dada yangu,

Nakusalimu wewe, namsalimu Mama na magoti yake yote mawili. Mimi mzima. Vumbi la hapa linaingia mpaka kwenye meno, na wiki iliyopita cheche za kuchomelea ziliniunguza mkono kidogo, lakini usimwambie Mama. Bwawa linapanda. Wanasema mwakani litakuwa limekwisha, na mwaka jana walisema hivyohivyo. Mpishi wetu wa zamani kaondoka, kaja mwingine anayepika maharage magumu hata yakidondoka kwenye sahani unasikia.

Barua hii naituma na lori la Ijumaa kwa sababu jambo lenyewe si la simu. Unajua hapa mtandao unashika juu ya kilima tu, na huko juu tunasimama watu kumi na tano tumebanana, kila mmoja anasikia ndoa ya mwenzake.

Dada, nina neno. Rafiki yangu kinyozi, yule mwenye kibanda kinachotazamana na maktaba yako, alinipata kwenye simu juzi. Akaniuliza, "Vipi, shemeji siku hizi amekuwa mwalimu?" Nikamuuliza kwa nini. Akasema kila Jumanne na Alhamisi anamwona anaingia maktaba saa tatu, anatoka saa sita. Na wiki hii alitoka anacheka na mwanamume mrefu mwenye miwani na begi la mgongoni. Anacheka, dada! Mimi nikimtania mama watoto anacheka kwa msimu.

Mke wangu namjua. Tangu nimuoe sijamwona na kitabu mkononi isipokuwa kile cha kliniki ya watoto. Leo hamu ya kusoma saa tatu nzima, mara mbili kwa wiki, kaitoa wapi? Na maktaba ninayoijua mimi ni mahali ambapo hata kwikwi ilikuwa kosa. Ulikuwa ukitutazama tu tunanyamaza mpaka tumbo. Si bure mji mzima ukakuita Bi Nyamaza. Sasa humo mtu anachekea wapi?

Sitaki makubwa. Wewe ndiye mkutubi, kadi zote ziko mikononi mwako. Niangalizie anaazima nini, anakaa na nani, na huyo mwenye miwani ni nani. Mistari mitatu inanitosha. Na usimwambie kwamba nimeuliza.

Mdogo wako,
Fundi


Nyumbani, 2 Februari

Mdogo wangu Fundi,

Barua yako ilifika Jumatano ikiwa na alama ya dole gumba lako lenye grisi, kwa hiyo hata usingeandika jina ningejua. Mama hajambo. Goti la kushoto limepata nafuu, la kulia limeona wivu likaanza. Nilikuwa namsomea barua yako kwa sauti kabla sijaipitia mwenyewe, na nilipofika kwenye cheche nikakohoa. Kaniuliza nakohoa nini. Nilipofika kwenye "nina neno" nikamwambia barua imekwisha. Wanao wazima. Binti yako kang'oka jino la mbele, na kila anayeingia ndani lazima aoneshwe pengo.

Sasa hilo neno lako. Jibu ni hapana. Nalisema mapema usije ukasoma barua nzima unatafuta ndiyo.

Kwanza, hiyo maktaba unayoijua wewe imekufa, na mimi nilikuwepo mazikoni. Leo asubuhi peke yake nimemsaidia dereva mmoja kuandika barua ya kuomba kazi. Nimemtafutia mama mmoja matokeo ya mtihani ya mwanawe kwenye kompyuta, akalia, nikamtafutia maji. Nimemzuia mzee mmoja asiipige mashine ya kunakili kwa fimbo yake. Chumba cha nyuma, tulikokuwa tukiweka magazeti ya zamani, kina kompyuta kumi na mbili, saba zinafanya kazi. Kuna mafunzo ya asubuhi. Mwisho wa mwezi muuguzi anakuja kupima presha katikati ya rafu za jiografia. Watu wanaongea, wanacheka, watoto wanalia, na Bi Nyamaza siku hizi ndiye anayenyamazishwa. Mkurugenzi mpya katuletea hata beji zimeandikwa "Mshauri wa Taarifa". Anasema neno mkutubi linanuka vumbi. Lakini nikitoka nje, jirani ananiuliza, "Nyie mnakaa tu pale siku nzima, hamchoki?" Kwao mimi bado ni mwanamke wa kugonga muhuri.

Kwa hiyo mtu kucheka maktaba si ushahidi wa kitu.

La pili ndilo kubwa. Kazi hii imebadilika yote isipokuwa moja: hatusemi nani kasoma nini. Mwaka nilioanza, alikuja bwana mmoja wa ofisi kubwa, koti jeusi, anataka kujua nani ameazima kitabu fulani. Mkuu wetu wa wakati ule, mama mnene wa maneno machache, aliichomoa droo ya kadi, akaiweka juu ya kiti, akaikalia. Akamwambia, "Karibu, subiri." Bwana alisubiri mpaka saa kumi. Sisi tukampelekea mkuu wetu chai palepale juu ya droo. Yule bwana akachoka akaenda zake.

Nikikuambia wewe leo, kesho mwenye duka la vifaa ataniuliza mkewe anasoma nini, keshokutwa bosi ataniuliza karani wake anatafuta kazi gani. Na wote hao wananijua, na wote watasema wanauliza kwa nia njema.

Huyo mwenye miwani anaingia kama wengine. Ukitaka habari za mkeo, muulize mkeo. Mdomo unao, na kilima unacho.

Dada yako


Kambini, 23 Februari

Dada,

Salamu kwa Mama. Mkono umepona. Wiki hii mvua ilinyesha siku nne, lori likakwama, ndiyo maana barua imechelewa. Pia nilikuwa na hasira, nikaona nisubiri ipoe. Haikupoa.

Umesema nimuulize. Nilimuuliza. Nilipanda kilimani, nikamwambia, "Nasikia unakwenda maktaba." Akasema ndiyo. Nikasema kufanya nini. Akasema kusoma. Nikasema kusoma nini. Akasema, "Utajua." Halafu akacheka akaniuliza kama nimekula. Dada, "utajua" ni jibu la mke kwa mume wake? Mwenye lake jema hulisema.

Barua yako nimeisoma mara nne. Umeandika mwenye miwani anaingia kama wengine. Basi unamjua. Kama humjui ungesema humjui. Umeandika pia habari za chumba cha nyuma. Mimi sikukuuliza chumba. Mbona umekitaja mwenyewe? Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Halafu hiyo siri ya kazi. Daktari anaficha ugonjwa wa mtu, nakubali. Wakili anaficha kesi. Wewe unaficha nini, hadithi za sungura? Mtu anagonga tarehe ya kurudisha kitabu, ghafla amekuwa mweka siri za taifa! Mkuu wako alikalia droo kwa ajili ya watu baki. Mimi ni tumbo moja na wewe. Damu nzito kuliko maji, au wakutubi mmefundishwa vingine?

Nitajie kitu kimoja tu. Anaazima vitabu au haazimi? Ndiyo au hapana.

Fundi


Nyumbani, 17 Machi

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu, anasema ule, usiwe unakunywa maji ya moto ukasema umekula. Wanao wako hapa kwangu leo, wanachora ukutani kwa chaki. Nimewaacha, nina hasira na mtu mwingine.

Jumanne iliyopita, saa tatu na nusu, aliingia maktaba rafiki yako kinyozi. Miaka kumi na moja kibanda chake kinatutazama, hajawahi kuvuka barabara. Siku hiyo kavuka akiwa bado na taulo begani. Kupitia dirishani nilimwona mteja amebaki kwenye kiti, upande mmoja umenyolewa, upande mwingine bado. Nikasema labda mtu kapata hamu ya elimu. Nikamkaribisha.

Akasema anataka kusoma. Nikamuuliza kusoma nini. Akasema chochote. Nikampa fomu ya uanachama kama ninavyompa mtu yeyote. Unakumbuka sharti letu: kila msomaji awe na mdhamini mwenye kazi, ili kitabu kikipotea tujue pa kuuliza. Hata wewe uliwahi kumdhamini mtu, mwaka ule ulipooa. Basi nikamwambia kinyozi ajaze jina la mdhamini. Akajaza bila kufikiri. Kaandika jina lako, na sanduku la posta la kampuni, la hukohuko kambini.

Aibu ilinishika mimi. Yeye wala.

Msomaji simfukuzi, hata akiwa mpuuzi. Akaenda chumba cha nyuma, kompyuta zote zikiwa na watu, akavuta kiti akakaa nyuma ya wifi yangu. Nyuma yake kabisa, Fundi, pumzi yake ilikuwa inampata shingoni. Wifi akageuka, akamtazama, akatazama taulo. Yeye si mjinga. Alikusanya karatasi zake, akafunga mkoba, akatoka, na tangu siku hiyo hajarudi.

Umenituma nimchunguze mkeo, nikakataa, ukanipandikizia kinyozi ndani ya kazi yangu. Watu wanaingia pale kwa sababu ndipo mahali pekee mjini ambapo hakuna anayewauliza wametoka wapi. Kuna binti anakuja kusoma kuhusu ugonjwa ambao hawezi kuutaja nyumbani kwao. Kuna mwanamume mzima anajifunza herufi akiwa amejificha nyuma ya gazeti. Hao wote walimwona kinyozi wako.

Swali lako la ndiyo au hapana, jibu lake ni lile la Februari. Ungeisoma mara ya tano ungelikuta.

Dada yako


Kambini, 6 Aprili

Dada,

Salamu kwa wote. Ndiyo, nilimtuma. Sikatai. Ungenisaidia wewe nisingemhitaji kinyozi.

Lakini nikuulize. Mtu asiye na kosa, akiona rafiki wa mumewe, si anamsalimu? Anasema, "Habari za kazi, mbona umemwacha mteja?" Yeye alikusanya karatasi akakimbia. Karatasi gani hizo? Tena umeandika alikuwa na mkoba na karatasi, hukuandika kitabu. Kwa hiyo hakuwa anasoma.

Na kinyozi ananiambia yule mwenye miwani naye alitoka dakika kumi baadaye. Wewe hilo hukuliandika. Unaona kinyozi akivuka barabara, unaona taulo, unaona mteja mwenye kichwa nusu, lakini mwenye miwani humwoni! Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi naanza kushika nguo yangu.

Nilimpigia mke wangu Jumapili. Alikuwa mkavu. Aliniuliza, "Umeridhika?" nikamwambia na nini, akampa mtoto simu.

Wewe na yeye mmepanga kitu. Sema tu.

Fundi


Nyumbani, 16 Mei

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu na sitaomba radhi. Mama alikuwa na homa wiki moja, sasa anakaa, anadai chai kila nusu saa. Wanao wazima. Binti yako kameza kifungo, kikatoka, tumekifua, kimerudi kwenye shati.

Sababu nyingine ni kazi. Mkurugenzi ameamua kadi zote za karatasi ziingie kwenye kompyuta kabla ya tarehe ishirini Mei. Kadi elfu nne na mia mbili, zingine zimeandikwa na watu waliokwisha kufa. Vijana wa ofisi walisema ni kazi ya mwaka. Nikawaambia niacheni. Nimezichapa peke yangu, moja moja, vidole vimevimba, na nimemaliza siku tisa kabla ya muda. Mkurugenzi alinipigia makofi mbele ya watu. Nakuambia kweli, nilifurahi kama mtoto. Ananiita "wa zamani" kila siku, leo wa zamani kawashinda wapya. Kuanzia mwezi ujao mashine itakuwa inajua yenyewe nani kachelewesha kitabu, inachapa barua ya kumkumbusha, tarishi anapeleka posta. Sisi hatuandiki tena kwa mkono.

Wifi yangu amerudi. Nakuambia hilo kwa sababu mtu yeyote aliye barabarani anaweza kuliona, na kinyozi wako atakuwa amekwisha kukuambia.

Zaidi ya hapo sina. Ila nakuomba kama dada, acha kupanda kilimani kumhoji. Ukipanda, mwambie neno zuri. Au omba likizo uje. Uje mwezi huu ukiweza, usingoje mwezi ujao.

Dada yako


Kambini, 4 Juni

Dada,

Mama kapona? Mwambie nimeota nimekula chakula chake.

Barua zako zote mbili za mwanzo zilikuwa na matusi na utani. Hii ya tatu ina utani juu tu, ikifika kwa mke wangu inakuwa kama barua ya wakili. "Amerudi." Hukusema amerudi kwa yaleyale. Hukusema anacheka. Na tangu lini wewe unaniomba? Maisha yako yote umekuwa ukiniamuru. "Usingoje mwezi ujao." Mwezi ujao kuna nini?

Kinyozi anasema siku hizi haendi chumba cha nyuma. Anakaa pembeni dirishani, peke yake na kitabu kimoja kinene, anaandika kwenye daftari. Mwenye miwani hakai naye tena. Ningefurahi, lakini sifurahi, na sijui kwa nini. Kuna kitu unakijua. Umekiona kwenye hizo kadi zako ulizozichapa moja moja.

Likizo nimeomba. Msimamizi anasema mpaka ukuta wa kaskazini ukauke.

Nakusihi. Niambie.

Fundi


Kambini, 27 Juni

Dada yangu mpendwa,

Sina la kukulipa. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa na wewe, nikamwambia hata mwenzangu wa hemani kwamba dada yangu kaniuza. Kumbe ulikuwa unatafuta njia.

Barua ya maktaba imefika hapa juzi. Ina nembo, imechapwa vizuri, imekuja kwa jina langu: "Ndugu Mdhamini, msomaji uliyemdhamini hajarudisha kitabu kifuatacho," halafu jina la mke wangu, halafu jina la kitabu. Mwongozo wa sheria ya ndoa, talaka na malezi ya watoto. Kimeazimwa tarehe ishirini na nane Aprili.

Niliisoma nimesimama. Nikakaa. Nikaisoma tena.

Lakini wewe, mama weee, una akili! Hukusema neno. Mikono yako safi, kiapo chako cha kazi hakijavunjika, barua kaandika mashine. Nimekuelewa. Ndiyo maana ulisema nije, ndiyo maana ulinielezea habari za mashine ya kuchapa, nami kwa ubishi wangu sikung'amua. Nisamehe kwa yote niliyokuandikia.

Nilipanda kilimani jioni ileile. Nilimwambia mke wangu najua kila kitu, asijisumbue kuficha, dada amekwisha kunionyesha. Akauliza, "Wifi?" Nikasema ndiyo, wifi yako, damu yangu. Akakata simu. Tangu hapo haipatikani.

Wamenipa likizo. Nashuka na lori la tarehe kumi na saba. Nitafikia kwako kwanza, unipe yote uliyonayo, kisha tuende pamoja.

Asante, dada. Asante sana.

Mdogo wako,
Fundi


Nyumbani, 9 Julai

Fundi,

Mama mzima. Watoto wazima, lakini hawako hapa. Mkeo amehamia nao kwa mama yake tangu tarehe thelathini.

Sikukutumia barua ile. Nilijua umeipata pale nilipoisoma barua yako, na kabla ya hapo nilijua kwa wifi, na kabla ya wifi nilijua kwa karani mmoja aliyeingia asubuhi kunilaumu. Bosi wake alikuwa kapata barua kama yako. Ndugu Mdhamini, karani wako hajarudisha kitabu cha namna ya kutafuta kazi nyingine. Ndipo nikafungua mashine nikaangalia. Zilitoka barua sitini na tatu kwa siku moja, zote zimekwenda kwa wadhamini. Ya yule binti wa ugonjwa imekwenda kwa baba yake.

Kosa ni langu, si la mashine. Kwenye kila kadi mashine iliniuliza anwani ya kupelekea barua. Kadi zetu za zamani zina anwani moja tu ya posta, ya mdhamini, kwa sababu wasomaji wengi hawana sanduku. Nikaichapa hiyo. Zamani mdhamini aliandikiwa kitabu kikipotea kabisa, tena na mtu, kwa mkono, tena bila kutaja jina la kitabu. Hayo tulikuwa tunayajua vichwani, hayakuandikwa popote. Mashine haikuyajua, nami sikufikiria kuiambia. Nilikuwa nawania kumaliza siku tisa kabla.

Wifi yangu alikuja asubuhi ya siku aliyohama, saa tatu, wakati wake uleule. Watu walikuwa wengi. Akaweka kitabu mezani, hakuna hata ukurasa uliokunjwa. Juu yake akaweka kadi. Nikamwambia, wifi, sikumwambia, ni mashine, ni mkono wangu ulikosea. Akanitazama kama ninavyowatazama wanaoniambia kitabu kililiwa na mbuzi.

Akasema, "Yeye mwenyewe kaniambia ni wewe."

Akaendelea, wala hakupandisha sauti: "Na kwa kuwa mnaambiana, mwambie na la kwanza, asije akasema umemficha. Mwambie yule mwenye miwani ni mwalimu wa kompyuta, na alinifundisha mimi na wenzangu sita kuandika barua za kazi. Mwambie barua yangu ilikwenda kwenye kampuni yake. Karani wa ghala, hukohuko kambini. Nilitaka siku moja arudi kutoka kazini anikute nimesimama pale na watoto. Walinikubali, Machi, siku nne kabla kinyozi hajaja kunipumulia shingoni. Nilikaa nyumbani mwezi na nusu nikifikiri. Nikajiambia, huyu nikihamia kwake kambini, atanichunga mpaka chooni. Nikawaandikia kwamba siji. Ndiyo nikarudi kuazima hicho."

Nami hayo ya mwanzo nilikuwa nayajua, Fundi. Nilimsaidia mwenyewe kubandika stempu. Januari uliponiuliza, ningekuandikia mistari yako mitatu ungetupa kofia juu kwa furaha. Nimelala na hilo kila siku tangu aondoke, naamka nalo. Na bado nadhani nisingekuandikia. Sijui kama hiyo ni sifa au ni ugonjwa.

Akaniambia neno moja la mwisho: "Wifi, ungeniambia tu tangu mwanzo kwamba unamwambia. Ningesoma kwingine." Akatoka.

Mkurugenzi anasema tukae kimya, watu watasahau. Nimeandika karatasi nikaibandika mlangoni, nimesema nini kimetokea na kwamba aliyechapa ni mimi, jina langu lote chini. Kaibandua. Nikabandika nyingine. Hiyo bado ipo, na nimeitwa kwenye kikao Ijumaa. Chumba cha nyuma leo kilikuwa na mtu mmoja.

Sasa sikiliza, na hii naamuru. Ukishuka kwenye lori usifikie kwangu. Usinitumie salamu, usipite hata uchochoroni kwangu. Nenda kwa mama mkwe wako, bisha hodi, na ukiambiwa subiri, subiri. Mkeo akikuona unatoka mlangoni kwangu, basi tena.

Ungenitukana ningestahimili, nimekuzoea. Wewe umenishukuru. Najua hata sasa unasoma hapa unatabasamu, unasema dada anajua kujikinga, barua hii kaiandika ili ionwe na watu. Miaka ishirini na sita nimekaa kwenye ile meza na sijamwambia mtu nani kasoma nini, na leo mji mzima hakuna hata mmoja anayeniamini, kuanzia wewe.

Dada yako